Chai Isiyongoja Kupoa

Jirani yangu wa mtaa wa Mbotela, mama aliyekuwa akiongoza kwaya ya kanisa letu, ametutoka. Binti yake alisimama mlangoni pangu asubuhi moja, leso kiunoni, akasema kwa sauti ndogo, "Mama amepumzika." Sikumuuliza ni ugonjwa gani, maana nilikuwa najua. Wengine mtaani nao walijiona wanajua, tena tangu zamani, na huko kujua kwao ndiko kunakonifanya niandike leo kwa uchungu ambao wasomaji wa safu hii hawajauzoea.

Alitoka magharibi akiwa msichana, akaolewa hapa mjini, akafiwa na mume mapema, akawalea watoto kwa mshahara wa kiwanda cha mablanketi. Jumapili baada ya ibada nilikuwa napitia kwake. Alikuwa akimimina chai ya maziwa moja kwa moja kutoka kwenye sufuria iliyokuwa bado inatokota, na kabla sijathubutu kugusa kikombe changu, chake kilikuwa kimefika nusu. Akiniona napuliza alicheka. "Wewe unapuliza kama watu wa ofisini," aliniambia. "Sisi kiwandani chai ikipoa, kengele imeshalia." Siku moja nilimuuliza kama haimchomi. Akasema kwamba zamani ilikuwa ikimchoma, alipokuwa mgeni wa kazi, lakini koo lilizoea. Mapumziko yalikuwa mafupi, foleni ya chai ndefu, na aliyechelewa kurudi kwenye mashine alikatwa mshahara. Basi walijifunza kumeza moto. Wakaufanya hata ushindani, wakawaita mabwege wale wanaosubiri chai ipoe.

Kwanza ugali ulianza kumkwama. Akawa anausukuma kwa chai, ile ile ya moto. Kisha sauti ikaanza kukwaruza, akaacha kuongoza nyimbo, akakaa safu ya nyuma akifungua mdomo tu. Kliniki ya kiwandani walimwambia ni vidonda vya tumbo, wakampa dawa nyeupe ya maji. Aliporudi wakampa nyingine. Alirudi tena na tena, na kila mara chupa ilikuwa ile ile. Alipofika mahali pa kushindwa hata na uji, aliniomba nimsindikize hospitali kubwa, kwa kuwa, alisema, madaktari huongea haraka na yeye huogopa kuuliza mara mbili.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye macho ya uchovu. Alisema ni kansa ya umio, yaani njia ya chakula, na imeenda mbali. Akamuuliza kuhusu sigara, pombe, kisha chai. Alipoelezwa chai ya kiwandani aliweka kalamu mezani. "Siwezi kuapa kwamba ni chai peke yake, mama," alisema. "Lakini kinywaji cha moto sana kikiunguza mahali pamoja mwaka nenda mwaka rudi, huongeza hatari. Si majani ya chai. Ni ule moto." Kisha akauliza, kama wanavyouliza wote, kwa nini hakuja mapema. Jirani yangu alimtazama bila hasira. "Nilikuja mapema, daktari," alisema. "Nilikuja kwa yule mwingine."

Mwili ukamwisha. Na miaka hii yetu, mtu akikonda haulizwi anaumwa nini. Vijana wanaokaa kwenye ukuta karibu na Barabara ya Jogoo walimwona akipita, mmoja akasema bila hata kushusha sauti, "Huyo mathe ako na mdudu," yaani UKIMWI. Hao ni vijana, mtu angeweza kuwasamehe. Akina mama wa jumuiya ya kanisa ndio walionishinda. Zamu yake ya kuwakaribisha ilipofika walimwambia apumzike, wataenda kwa mwingine. Akaenda huko huko, ameshikwa mkono na binti yake, aliyenisimulia yaliyotokea. Chai ilipoletwa, wote walipewa vikombe vya udongo. Yeye alipewa cha plastiki.

"Hiki ni changu peke yangu?" aliuliza.

"Vikombe havikutosha, dada," mwenye nyumba alijibu. Kwenye trei vilibaki viwili vitupu.

"Hata ningekuwa na huo ugonjwa mnaouogopa, hamngeupata kwenye kikombe," alisema kwa ile sauti iliyobaki. "Lakini mimi nina kansa ya koo. Na pengine nimeitoa kwenye chai kama hiyo mliyoshika. Ngojeni ipoe." Mmoja, kwa aibu, alipeleka kikombe mdomoni, na wengine wakamfuata. Binti anasema mvuke ulikuwa bado unapanda.

Siku ya kuusafirisha mwili kwenda kwao, akina mama hao walikuja na nyimbo. Kiwanda kilileta shada la maua pamoja na bwana mmoja wa suti, aliyemsifu marehemu kwa bidii na kusema hakuwahi kuchelewa kurudi kwenye mashine yake. Baadaye nilimfuata nikamuuliza kama mapumziko ya chai yameongezwa. "Kazi ni nyingi, mama," alinijibu, akatazama saa.

Methali yetu husema haraka haraka haina baraka, lakini tumeacha kuuliza haraka hiyo ni ya nani. Haikuwa yake. Alikimbizwa, akaungua, akatibiwa ugonjwa ambao si wake, mwisho akahukumiwa kwa ugonjwa ambao hata angekuwa nao usingestahili kikombe cha plastiki. Wasomaji wangu, chai ni yetu, tuinywe, ila tuiache ipoe kwanza. Na mtu wenu akianza kushindwa kumeza, msiridhike na chupa ya pili ya dawa ile ile. Mpelekeni kwa atakayemtazama koo, tena mpelekeni angali anaweza kula.