Karuho Kwenye Nyonga

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, hajawahi kukosa jibu maishani mwake. Ukimuuliza kwa nini mvua imechelewa, anajua. Kwa nini jenereta ya jirani imezimika, anajua. Huyu mtu hajamaliza kitabu hata kimoja tangu abatizwe, lakini nilipoanza kuchechemea, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuutaja ugonjwa wangu, akiwa amekaa kwenye kiti changu, akila sambaza zangu, dagaa wetu wa ziwani.

"Mama mwalimu," akasema huku akitoa mwiba kwenye meno, "hii si bugonjwa ya bure. Balikulisha karuho."

Karuho, kwa yule asiyeishi nasi Goma, ni sumu ambayo mtu mwenye roho mbaya hukutilia kwenye chakula au kinywaji. Sikatai kwamba sumu ipo duniani. Ila hapa kwetu hakuna anayekohoa kwa kifua kikuu, hakuna anayekonda kwa kisukari, hakuna tumbo linalovimba kwa ini. Wote wamelishwa. Ni ugonjwa mtamu kwa wavivu wa kufikiri, kwa sababu unakuja na mkosaji wake tayari, na mkosaji karibu kila mara ni mwanamke anayepika. Katika nyumba yangu ya Majengo, aliyekuwa akipika ni mke wa mwanangu.

Lazima niseme kwanza kwamba nyonga yangu ya kushoto si ile niliyozaliwa nayo. Ile ya kwanza iliisha nikiwa bado nafundisha, ikawa nikisimama ubaoni nauma midomo. Nikapelekwa Kampala, wakanitolea kichwa cha mfupa wa paja na kuniwekea chuma chenye mpira wa duara juu yake, na ule mpira wakauingiza kwenye kikombe cha chuma chenye plastiki ngumu ndani yake, kilichokazwa kwenye mfupa wa nyonga. Protezi, tunavyosema. Daktari wa kule alinipa karti ya kliniki na kuniambia nipigwe radio, yaani picha ya mifupa, kila mwaka. Nikamuuliza, hata kama sisikii maumivu? Akasema, hasa kama husikii.

Nilikwenda miaka miwili. Mwaka wa tatu nilicheza kwenye harusi ya mpwa wangu mpaka wanawake wakapiga vigelegele, nikajiona nimepona kuliko wazima. Karti nikaitia kwenye droo. Miaka ikapita zaidi ya kumi, na kila mtu aliyenisifu kwa mwendo wangu nilimwambia kwamba siri ni nidhamu. Mjinga mwenye cheti ni mjinga mara mbili, na mimi vyeti ninavyo.

Mke wa mwanangu ndiye aliyekuwa akinifulia na kunipindia vikwembe, vitenge vyangu vya kujifunga. Ni mtoto wa vilima vya Masisi, mtu wa maneno machache, na sisi tuliotoka Butembo tulimpokea kwa ule uso tunaoutumia kwa bidhaa ambayo hatukuiagiza. Miaka sita alikaa nasi bila kupata mtoto, na hilo nalo shemeji na wenzake walikuwa wamelihesabu. Asubuhi moja alikuja na kikwembe changu mkononi, akanionyesha pindo. Upande wa kushoto ulikuwa mweusi kwa vumbi la barabara na nyuzi zimeanza kuchanika. Upande wa kulia ulikuwa safi.

"Mama, muguu yako ya kushoto iko inakuwa mufupi," akasema. "Twende bakupige radio."

Nikamjibu, "Udaktari ulisomea wapi weye, kule kwa ng'ombe?"

Alikunja kikwembe, akaenda kukishona upya. Nakumbuka kwamba nilijifurahisha na jibu langu siku nzima, nikamsimulia hata shemeji.

Maumivu yalipokuja, yalikuja kwenye kinena na pajani, hasa ninapoinuka na kupiga hatua za kwanza. Nikaanza kutumia fimbo. Ndipo shemeji akaitisha kikao Jumapili moja baada ya misa. Walikuja yeye, binamu yake ambaye kazi yake ni kuitikia, na mama wawili wa kikundi cha maombi ambao husali huku jicho moja likiwa wazi wasipitwe na kitu. Mwanangu alikuwa Bunagana, mpakani na Uganda, anapitisha bidhaa zake forodhani, kwa hiyo walimweka kwenye simu juu ya meza, katikati ya vikombe.

"Nani aliona muguu inakuwa mufupi mbele ya batu bote?" shemeji akauliza. "Ni ye. Alijua namna gani? Mutu anajua kazi yake."

Mama wa maombi wakaguna kana kwamba wamesomewa Injili. Nilifikiri moyoni: kwa hesabu hii, anayeona moshi wa kwanza ndiye aliyechoma nyumba. Lilikuwa wazo zuri, lenye akili, na nililiacha papo hapo moyoni. Kwa sababu shemeji alinigeukia akaniuliza mbele ya wote kama mimi, mama wa nyumba, naweza kuapa kwamba huyu mukazi wa mwanangu hakunitilia kitu.

Mke wa mwanangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sinia ya maandazi. Hakumtazama shemeji. Alinitazama mimi.

Nikasema, "Mimi sijui."

Miaka thelathini nimewachapa watoto wa watu kwa neno hilo. Nilikuwa nawaambia, "sijui" ni jibu la mtu anayejua na anaogopa. Siku ile nilikuwa na maumivu, nilikuwa na miaka zaidi ya kumi ya karti iliyolala kwenye droo, na ilikuwa rahisi sana kwangu kama kosa lingekuwa la jikoni. Yeye aliweka sinia chini taratibu, akatoka nje. Kwenye simu mwanangu akasema, "Mufanye vile munaona." Mwanangu anaweza kubishana na afisa wa forodha kuanzia asubuhi mpaka mchana kwa ajili ya katoni moja ya sabuni. Kwa ajili ya mke wake alikuwa na maneno matatu. Alirudi baada ya siku mbili, akamfungia mfuko, akampeleka Mugunga kwa wazazi wake, watu walioshuka kutoka Masisi vita vilipowazidi na kupanga nyumba ya mbao kule. Alisema ni mpaka mambo yatulie.

Mimi nikapelekwa kwa mganga wa karuho. Alivaa koti jeupe la daktari lenye kalamu tatu mfukoni, na sikumwona akiandika hata herufi. Alininywesha maji ya majani machungu mpaka nikatapika kwenye beseni, kisha akakoroga matapishi yangu kwa kijiti na kuinua kitu cheusi chembamba. "Mama, angalia karuho yenyewe," akasema. Shemeji akarudi nyuma, mkono mdomoni. Nilikitazama vizuri. Kilikuwa ganda la haragi, yaani la maharagwe. Nilikuwa nimekula haragi jana yake, na nimefundisha sayansi ya mimea maisha yangu yote, nalijua ganda la haragi hata likipita tumboni. Nikamshukuru mganga kwa heshima. Nilirudi kwake mara tatu zaidi.

Mguu haukuwa na habari na kutapika kwangu. Mke wa mwanangu alikuwa ameondoka, chakula nilipikiwa na mpwa wangu ambaye hakuna aliyemshuku, na bado mguu ulizidi kufupika. Jumapili moja kanisani watu walisimama kwa Injili nami nikashindwa kuinuka. Nilisukuma kwa mikono yote miwili, nyonga ikalia ndani kwa ndani, nikarudi kukaa. Mama mmoja wa maombi akaniinamia sikioni, "Karuho inatoka, mama, inatoka." Nilimtazama usoni nikaona kwamba anaamini kweli. Hapo ndipo nilipochoka na wenzangu hao. Kesho yake nilikwenda hospitali.

Daktari wa mifupa alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Alibandika picha kwenye taa, akanionyesha kwa kidole. Kuzunguka kile kikombe mfupa ulikuwa na mashimo meusi, na kikombe chenyewe kilikuwa kimehama, kimepanda juu, ndiyo maana mguu ulifupika. Alinieleza kwa utulivu. Kila hatua mpira wa chuma unasugua plastiki, na plastiki inatoa vumbi dogo lisiloonekana kwa macho. Mwili una seli zake za kulinda, zinameza lile vumbi, zinashindwa kulisaga, zinakasirika na kuziita seli nyingine ambazo kazi yake ni kubomoa mfupa mzee. Hizo zikifika hazichagui. Zinakula mfupa unaoshika protezi, polepole, bila maumivu, miaka na miaka, mpaka protezi inalegea. Maumivu ndiyo yanakuja mwisho.

Nikamuuliza kama kila mfupa unaoliwa unaliwa hivyo. Akasema hapana, na akanihesabia, kwa sababu aliona nashika. Kuna vijidudu vinavyoweza kuingia kwenye protezi na kufanya picha inayofanana na hii, ndiyo maana alinitoa damu na kunichoma sindano ya kuvuta maji ya nyonga. Majibu yalirudi safi. Kuna watu wasio na protezi kabisa ambao viungo vyao vinatafunwa na baridi yabisi, au jongo, au uvimbe mbaya. Na kuna mfupa unaokonda kwa kukosa kazi: chuma kikibeba uzito wote, mfupa wa pembeni yake unalegea na kupungua. Kumbe mfupa, tofauti na shemeji yangu, usipobeba kitu hukonda.

"Na sumu ya kula?" nikauliza, nikitazama dirishani.

Hakucheka. "Mama, ni sumu gani itashuka tumboni, ichague nyonga moja ya protezi, iache ingine?"

Kisha akauliza nimeanza lini kuchechemea. Nikasema imepita mwaka. Akauliza kama hakuna mtu nyumbani aliyeona. Nikasema yupo aliyeona mapema, akanishauri nije. Daktari akasema, kama ningemsikiliza mtu huyo, labda wangebadilisha plastiki tu na kujaza mashimo kwa mfupa. Sasa ni kung'oa kikombe na kujenga upya, kazi ambayo yeye hawezi kuifanya hapa. Nirudi Kampala, nipitie Bunagana. "Huyo mutu ana macho," akasema, akaandika barua.

Nilimpelekea shemeji picha. Nilitaka nione jibu likimkosa, hata mara moja tu, kabla sijafa. Aliishika kichwa chini miguu juu, akaiinua dirishani, akafinya macho. Halafu uso wake ukang'aa.

"Njo hii!" akasema, akigonga mashimo kwa kidole. "Unaona vile iko nyeusi? Njo karuho yenyewe."

Nilimnyang'anya picha nikamwambia kwamba kuanzia siku hiyo sambaza atakula kwake. Na ningeweza kuishia hapo, kwa sababu kumdharau shemeji ni kazi nyepesi, naifanya hata nikiwa usingizini. Yeye ni mjinga, alisema alichokiamini. Mimi sikuamini hata siku moja. Nilijua ganda la haragi ni ganda la haragi. Kati ya watu wote waliokaa kikao kile, mmoja tu alijua kwamba yule binti hana kosa, na huyo ndiye aliyesema hajui. Sina neno la kutosha kumwita mtu wa namna hiyo.

Nilipanda teksi mpaka Mugunga, bahasha ya radio mapajani. Mama yake alinipa kiti kwa heshima zote, akaenda nyuma ya nyumba akatuacha. Mke wa mwanangu alikuwa amekonda. Nilimfungulia picha, nikamwonyesha kikombe, mashimo, mahali kikombe kilipohamia. Nilimfundisha kama ninavyojua kufundisha, vumbi, seli, vijidudu, yote, na alisikiliza mpaka mwisho bila kuigusa picha. Nikamwambia nimekuja kumchukua arudi kwake.

"Radio iko yako, mama," akasema. "Miye tangu siku ile nilikuwa najua kama sikukulisha kitu. Nilikuwa nangoja useme weye. Bila radio."

Nikamwomba msamaha, kwa sauti, kwa jina la Mungu na la marehemu mume wangu. Akaitika kwa kichwa. Hakusema amenisamehe wala hakusema hapana. Akaingia ndani, akarudi na kikombe cha maziwa, maana hata katika nyumba ile ya mbao mgeni hawezi kuondoka mdomo mkavu.

Kwetu, ukimpa mgeni kinywaji, wewe mwenye nyumba unaonja kwanza mbele yake, ajue hukumtilia kitu. Ni heshima ya kumpa mtu wa nje. Ndani ya nyumba moja haifanyiki. Kwa miaka yote sita alinipa chai, uji na maji ya dawa, akaniwekea mkononi nikanywa.

Alisimama mbele yangu, akainua kikombe, akanywa funda moja kubwa. Akangoja mpaka nione kwamba amemeza. Akapangusa ukingo kwa ncha ya kikwembe chake, akapiga goti kidogo, akanipa kwa mikono miwili.

"Kunywa sasa, mama," akasema. "Ulishaona."