Shingo ya Trela

Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na mara nyingi huzimalizia kwa vitu. Nimewahi kuipiga teke ndoo iliyojaa maziwa kwa sababu ya nzi mmoja. Kwa hiyo mke wangu aliposikia kwamba kuna kipande cha chuma kando ya barabara ambacho sitaki kukiona, alicheka, akadhani ni mambo yangu yale yale. Safari hii haikuwa hasira. Ilikuwa aibu.

Kipande hicho kilikuwa shingo ya trela ya ng'ombe. Trela yenyewe niliinunua kwenye shamba moja kubwa upande wa Moi's Bridge, mwenyewe akiuza vyombo vyake ahame. Ilikuwa ya rangi ya maruni, sakafu ya mbao ngumu, nafasi ya mitamba wanne. Nililetewa hadi kwetu Yamumbi juu ya lori, na majirani wakaja kuishangaa, kwa sababu trela tunazozijua huku zina mkono mfupi wa kufungwa nyuma ya trekta. Hii ilikuwa na shingo ndefu iliyoinuka mbele ikajikunja kama ya bata bukini. Ilitengenezwa ipande ndani ya bodi ya pikapu na kukaa juu ya bamba la chuma.

Nilimwita fundi wetu. Alikuwa mtu aliyetoka mkoa wa Magharibi, mwenye banda lake kando ya barabara, na nusu ya mageti ya Yamumbi alikuwa ameyachomelea yeye. Alipima kwa kamba mara mbili, akainama chini ya pikapu yangu, akatoka akipangusa mikono.

"Boss, hii mzigo inafaa ikae hapa," akasema, akigonga bodi juu ya ekseli ya magurudumu ya nyuma. "Hapa gari inaibeba. Ukiifunga huko nyuma kwa bampa, hiyo trela ndiyo itakuwa inakuendesha."

"Unaweza kukata shingo unifanyie mkono wa kawaida?"

"Naweza. Lakini sipendi."

Nilirudi kumweleza baba. Mdogo wangu alikuwa anaoa, na ng'ombe wanne wa mahari walitakiwa kufika kwa wakwe kabla ya Krismasi. Kwetu nyumbani ng'ombe hao hawatumwi kama gunia la mbolea. Wanaingia boma la watu pamoja na wazee wao, safari moja, na baba, ambaye ni mzee wa kanisa na mkaidi kuliko ng'ombe wote wanne, alitaka gari liwe moja pia. Nilimwambia tu kwamba fundi anataka kuweka bamba la chuma ndani ya bodi.

"Na wazee wakae wapi? Juu ya hiyo chuma?" baba akauliza. "Mwambie akate."

Hapo ndipo nilipokosea, na nimeirudia dakika hiyo mara nyingi hadi naijua ilivyo. Sikumwambia baba fundi alisema nini. Sikutaja ekseli wala hatari. Nilikuwa na mambo mengi, nilichoka kubishana, na nilipenda kuonekana mwana anayesikia. Nikaenda kwa fundi nikamwambia, "Kata."

Alikata. Alifanya mkono mpya, akafunga kichwa cha chuma cha duara chini ya bampa, akachomelea kila kona. Shingo aliibakiza bandani. Aliponikabidhi gari alinishika bega. "Enda pole. Na ikianza kucheza, usikanyage breki. Toa mguu tu, ingoje itulie."

Siku ya safari niliketi mbele na mama. Nyuma, kwenye bodi, baba na wazee wenzake wawili walikalia viti vya plastiki, mavazi yao ya kanisani yamefunikwa shuka yasipate vumbi. Baba aligeuza kiti chake akatazama trela. Alitaka kuwaona ng'ombe wake njia yote.

Tulichelewa kwa sababu ya maombi na chai. Nikaanza kukimbiza gari. Tukiwa kwenye mteremko, lori refu lilitupita, na upepo wake ukaisukuma trela. Nilihisi usukani ukilegea mikononi. Mkia wa gari ukaenda kushoto, ukarudi kulia, ukaenda tena kwa nguvu zaidi, na wazee wakaanza kupiga kelele. Nilikumbuka maneno ya fundi. Nayakumbuka hadi leo, neno kwa neno. Mguu wangu ukakanyaga breki.

Tulisimama kwenye mtaro, gari likiwa limekaa upande. Ng'ombe walikuwa wazima, mmoja akitafuta majani kupitia upenyo wa mbao. Wale wazee wawili walichubuka. Baba alikuwa amerushwa nje hadi kwenye mabua ya mahindi, mguu umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii, na alikuwa akiuliza kama ng'ombe wameumia. Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika.

Ng'ombe walipelekwa baadaye, ndugu yangu akaoa. Baba akalala hospitalini wiki nyingi, na kila aliyekuja kumwona aliambiwa jambo moja. "Huyo fundi alituchomelea na gundi. Aliniua, ni Mungu tu alikataa."

Kazi ya fundi haikuachia hata uzi. Mkono ulikuwa pale pale, imara, mtu yeyote angeweza kwenda kuutazama. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, na nilinyamaza. Nilijiambia namhurumia baba, asije akajua kwamba ni yeye aliyesema ikatwe. Uongo. Nilikuwa najihurumia mimi. Baba aliporudi nyumbani aliyasema hayo kwa majirani, akayasema kanisani, akayasema sokoni akiegemea mkongojo, na maneno ya mzee wa kanisa aliyevunjika nyonga yana uzito. Mimi nikaanza kupitia barabara nyingine ili nisipite mbele ya lile banda.

Mvua ilipoanza kupungua nilihitaji trela tena. Niliipeleka kwa fundi mwingine, mbali, upande wa pili wa mji. Alitengeneza shingo mpya na kufunga bamba ndani ya bodi. Aliuliza, "Nani aliharibu kitu kizuri hivi?" Nikajibu, "Fundi fulani." Hata huko nilimuuza.

Baba aliliona bamba asubuhi iliyofuata. Alizunguka pikapu polepole, mkongojo ukizama kwenye tope, akaligusa.

"Hii ingewekwa tangu mwanzo?"

"Ndiyo, baba."

"Fundi alijua?"

"Alijua. Aliniambia nyuma kwa bampa ni hatari. Mimi ndiye sikukuambia."

Aliondoa mkono juu ya bamba, na nikatamani anipige. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ungeniambia hivyo, ningepanda hata boda."

Akadai nimpeleke kwa fundi saa ile ile. Kumpandisha ndani ya gari kulituchukua dakika kumi, akiuma meno. Tulipofika, banda lilikuwa tupu. Mabati yalikuwa yameng'olewa, zimebaki nguzo na doa jeusi la masizi ardhini. Pembeni mama mmoja alikuwa akiuza chai, na wateja wake walikuwa wamekalia chuma kirefu kilichopinda, cha rangi ya maruni. Nilikijua kabla hatujashuka.

"Fundi alirudi kwao, Mzee," mama wa chai akasema. "Kazi iliisha. Watu walikuwa wanasema anaua." Hakumtambua baba. Namba ya fundi nilikuwa nayo. Niliipiga pale pale, haikupatikana.

Wateja walimpisha Mzee, na baba akaketi juu ya ile shingo kwa sababu hakuwa na nguvu za kusimama. Alitazama mabanda mengine kando ya barabara, la mtengeneza viti, la muuza matairi, la kinyozi. Huko kote aliwahi kupita na mkongojo wake.

"Anza na huyu mama," akaniambia. "Kisha uende kwa wale wote. Mimi nitangoja hapa."

Nina miaka arobaini na sita na nina watoto wakubwa. Nilisimama mbele ya mama wa chai na wateja wake nikasema kwamba fundi alinionya, kwamba nilimlazimisha akate, kwamba alichochomelea hakikuvunjika, kwamba ni mimi niliyekanyaga breki. Baba hakuinua macho.

Mama alimaliza kumimina chai kikombeni kabla ya kunijibu.

"Alituambia hivyo hivyo," akasema. "Tukaona anajitetea."