Koleta na Kilima cha Permethrini

Koleta alizaliwa Gonja, kwa mama aliyekuwa haamini hata kipimo cha chumvi cha jirani. Labda ndiyo maana alipokua akawa mtu wa kupima. Kwa miaka kumi na tisa sasa anafanya kazi katika maabara ndogo ya vyakula vya mifugo mjini Same, akitafuta mabaki ya dawa za wadudu katika pumba, mashudu na dagaa wa kuku. Mumewe, Paschal, alishazoea kuulizwa mchicha umetoka bustani gani kabla haujafika jikoni.

Julai mwaka jana ililetwa sampuli kutoka kwa Chande, muuza chakula cha kuku kando ya barabara kuu. Koleta akaisaga, akaichekecha, akapima gramu kumi, akatia kimiminika cha kutolea dawa pamoja na chumvi zake, akatikisa mpaka bega likalalamika. Pumba zilipotuama, maji ya juu akayapeleka kwenye mashine kubwa, ile inayotenganisha kemikali mojamoja na kuichorea kila moja kilima chake kwenye skrini. Kikachomoza kilima cha permethrini, dawa ya kuulia wadudu, kirefu kama mlima Shengena.

"Yesu na Maria," akasema Koleta.

Akaandika barua ya kumzuia Chande asiuze. Kesho yake akapima chakula cha duka la pili: permethrini. La tatu: permethrini. Wiki haijaisha, maduka saba yalikuwa yamezuiwa, na kuku wa Same wakawa wanaishi kwa maganda ya ndizi na uvumilivu.

Siku ya nane Chande akaingia maabara na kofia yake ya kushona, amekumbatia bakuli.

"Dada Koleta, chakula changu nakijua. Tazama!"

Akachota konzi nzima, akatia mdomoni. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Machozi yakamlengalenga, na alipojaribu kusema, vumbi la pumba likamtoka puani. Mzee Sifael, mlinzi wa maabara, akamletea kikombe cha maji.

"Ukianza kutaga," akamwambia, "usije kwangu."

"Kula kwako si kipimo, Chande," akasema Koleta. "Mashine yangu haina kosa. Kila asubuhi napitisha kimiminika kitupu, kisicho na pumba, na kinatoka safi."

Ili kumaliza ubishi akatoa pumba alizokuwa analisha kuku wake mwenyewe, za mahindi ya kaka yake Asheri kule Gonja. Hizo, akasema, hazina doa. Akaanza kuzichekecha palepale, Chande akimkodolea macho.

"Dada."

"Nini tena?"

"Hilo chekeche lako. Si chandarua hicho?"

Koleta akatazama. Chekeche la chuma lilitoboka mwezi wa sita, na jipya lilikuwa halijafika. Yeye, mtu asiyependa kazi ilale, alichukua chandarua kipya cha kliniki, akakishona kwenye kiunzi cha mbao, akajipongeza. Chandarua chenye dawa. Na dawa yenyewe ni permethrini. Kile kimiminika kitupu cha kila asubuhi, kwa kuwa hakichekechwi, kilikuwa hakijawahi kukutana nacho.



"Kwa hiyo," akasema mzee Sifael polepole, "kuku wa Same hawana sumu. Ila malaria hawataugua."

Masikio ya Koleta yakawaka moto. "Nisamehe, Chande."

"Nimekula pumba, Dada Koleta. Pumba!"

Koleta akazunguka maduka yote saba kwa miguu, akiomba radhi. La tatu walimpa chai. La tano habari zilikuwa zimemtangulia, akakuta wametundika chandarua mlangoni, akalazimika kuinama ili apite.

Chekeche la chuma lilipofika akabadili utaratibu: kila asubuhi mchanga uliooshwa, badala ya pumba, unapita hatua zote, chekeche likiwemo. Akarudia sampuli saba. Zote safi. Zikabaki pumba za Asheri. Permethrini haikuwemo, ila kilisimama kilima kingine, cha dawa ya kuhifadhia mahindi. Akampigia simu kaka yake.

"Dumuzi walikuwa wengi, wanatoboa mahindi," akasema Asheri. "Nikatia kidogo. Halafu kidogo tena. Na wifi yako, bila kujua, naye akatia."

Koleta akajaza fomu. Mwenye sampuli: Koleta. Mpimaji: Koleta. Akajiandikia barua ya zuio, akasaini kuwa imetumwa, akazunguka upande wa pili wa meza, akasaini kuwa imepokelewa. Kisha akaenda kununua chakula cha kuku kwa Chande.

Nyumbani alimkuta Paschal jikoni, mwiko mkononi, akisonga ugali, akamsimulia yote.

"Mahindi ya Asheri?" Paschal akaacha kusonga. "Si ndiyo haya?"

Wiki mbili nzima walikula wali wa mchele wa Ndungu.