Mikanda ya Shemeji Orrin

Merle Aspelund alikuwa mtu wa kunusa. Maziwa aliyanusa kabla ya kuyamimina, hata yakiwa yametoka dukani asubuhi ile; mgeni alimnusa kwa macho, kuanzia viatu. Kazi ndiyo iliyomfunza. Tangu ujana alikuwa fundi wa majiko ya mafuta yanayopasha nyumba za Sorrel Creek, katikati ya Alaska, na alikwisha kuingia nyumba ambamo watu walilala wakiliamini jiko lao, wasiamke. Toka hapo hakuamini kitu mpaka akipime, na alichokipima leo alikipima tena kesho.

Ndege yake aliijenga hivyo hivyo, kwa mashaka. Miaka mingi gereji yao haikulaza gari. Mbavu za bawa zilining'inia pale ambapo mkewe, Nadine, alitaka kuweka friza ya nyama ya mawindo. Kila ribiti Merle aliipiga kwa mkono wake, wala hakuna mwingine aliyeruhusiwa kushika hata bisibisi. Ilipokamilika, ndogo, ya viti viwili, nyeupe kama ganda la yai, aliihamishia bandani kwenye uwanja wa ndege, akaifungia kwa kufuli mbili.

Baridi ya kule haina mzaha. Oili huganda ikawa nzito kama lami, na anayeiwasha injini bila kuipasha huikwangua matumbo yake. Merle alikuwa akiwasha jiko dogo chini ya boneti, anaifunika pua ya ndege kwa blanketi, kisha anakaa kando na kizimamoto mapajani, kwa kuwa ndege kadhaa za pale ziliteketea mwenye ndege akiwa ametoka kukojoa tu.

Kwa hiyo Orrin, kaka yake Nadine, alipotokea bandani na boksi la kipasha-injini cha umeme, Merle angepaswa kufurahi. Hakufurahi.

"Cha nini?" aliuliza.

"Cha kupashia injini, shemeji. Au nikuchoree?"

"Najua ni cha nini. Nauliza ni cha nini."

"Zawadi."

"Sikukuu imepita."

"Basi ni ya sikukuu ijayo. Pokea, bwana, mkono unaganda."

Orrin naye alikuwa rubani, na ndege yake aliijenga zamani, kabla ya Merle. Lakini hakuwa amemtembelea Merle tangu siku alipowachekesha wenzao wote wa uwanjani, wakila pamoja asubuhi, sahani za chapati za maji mikononi, kwa kusema Merle hataimaliza ndege yake, na akiimaliza ataogopa kuipanda. Merle hakuyasahau. Sasa zawadi ya nini?

Alianza kukifunga peke yake, mlango umekomewa. Pedi ya chini, ile inayopasha oili, ilikuwa mpya, bado imo ndani ya nailoni yake. Alipiga msasa sampu, beseni la oili chini ya injini, mpaka chuma kikang'aa, akafuta, akapaka gundi, akaibandika, akaishikilia kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa. Gundi ilipokuwa inakauka akaitoa mikanda ya umeme inayovishwa kwenye silinda kuzipasha, moja moja.

Akaisogeza kwenye taa. Vichwa vya skrubu vilikuwa na mikwaruzo. Upande wa ndani wa mikanda ulikuwa na weusi wa oili iliyoungua.

Imetumika.

Akaipima kwa testa, akitamani mmoja uwe umekufa ili apate la kusema. Yote ilikuwa hai, na hilo likamuudhi zaidi. Mtu hatoi kitu kizima kwenye injini yake bila sababu. Na kama mkanda mmoja unadanganya, unapata moto leo na kesho unalala, silinda ile itajikwangua kimyakimya, mpaka siku injini itakapokwama juu ya misitu, mahali ambapo hakuna atakayemwona kabla theluji haijayeyuka. Alichukua simu.

"Njoo uone zawadi yako."

Orrin alifika na chupa ya kahawa na donati kwenye mfuko wa karatasi. Aliteleza kidogo kizingitini, akajishika mlangoni.

"Umekuta bomu?"

"Nimekuta mitumba. Ndani ya boksi jipya."

"Inafanya kazi?"

"Leo."

"Basi una ugomvi na kesho, si na mimi."

Merle hakucheka. Alitia kitambaa kwenye petroli, akausugua mkanda mmoja mbele yake, taratibu, kama polisi anayechukua alama za vidole. Weusi ukatoka. Chini yake kikabaki kigamba cha rangi, cha buluu.

Uwanja mzima ulikuwa na mtu mmoja tu aliyepaka silinda zake buluu, wenzake wakamtania kwamba amejenga toroli la aiskrimu.

"Hii ni ya kwako," Merle alisema. "Na wewe utapashia nini?"

Orrin alimimina kahawa. Nyingine ilianguka nje ya kikombe, naye hakuiona.

"Nimeuza. Mnunuzi ni wa Arizona. Kule wanatafuta kivuli, si moto."

"Umeuza ndege?"

"Jicho la kushoto limekwisha, shemeji. La kulia linalifuata. Daktari amenifungia kuruka."

Merle alitazama kahawa iliyomwagika mezani, ikianza kuganda pembeni.

"Mbona hukusema?"

"Kwako? Ungeanza kuniuliza jicho lilikuwa wapi siku ile nilipokucheka." Orrin akapapasa donati ndani ya mfuko. "Na Nadine asijue. Ataninyang'anya funguo za gari."

"Ulikuja hapa na gari?"

"Polepole."

 Kisha Merle akauvisha mkanda kwenye silinda ya kwanza, akaiweka bisibisi mkononi mwa shemeji yake, akamwongoza kidole mpaka kwenye skrubu. Orrin aliikaza kwa kupapasa, ulimi nje. Alipomaliza zote, Merle akazipitia upya moja baada ya nyingine, na Orrin akasimama akimngoja, hakuona ajabu.

Merle alimrudisha kwake kwa gari la Orrin mwenyewe, kisha akatembea kwenda nyumbani kwenye theluji. Nadine alikuwa jikoni.

"Nimeona gari la Kaka likielekea uwanjani. Alitaka nini?"

"Ameleta donati."

"Na gari lako liko wapi?"

"Uwanjani. Nilitaka kutembea."

"Wewe? Kwenye baridi hii?"

Merle alivua viatu, akachukua muda mrefu kwenye kamba. Nadine akaweka mwiko chini, akaanza kumtazama, kuanzia soksi kupanda juu.