Pikipiki ya Baba hadi Kamanyola, Kabla Sahani Hazijaoshwa

Nilisafiri kwenda Kamanyola kwa sababu ya maneno niliyoyasema mbele ya ukoo nikiwa na hasira. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa nimesema, basi ikabidi niende.

Baba yangu alikuwa bwana shamba. Miaka mingi alizunguka bonde la Ruzizi akifundisha watu kulima mpunga, na usafiri wake ulikuwa pikipiki moja kubwa ya zamani, yenye silinda mbili zilizotokeza kando kama masikio. Ilitengenezwa kabla mimi sijazaliwa. Mwaka ule mto Mulongwe ulipofurika hapa Uvira, tope liliifunika hadi tangi, na baba akafa bila kusikia tena mlio wake. Tulimzika kwao, Kamanyola.

Katika ukoo wetu, kilio cha mtu mzima hufungwa baada ya mwaka. Siku hiyo watu hula pamoja, kisha mali ya marehemu hugawanywa. Sahani zikishaoshwa, maneno ya mali yamekwisha, na hakuna anayeruhusiwa kuyafungua tena. Baba Mkubwa, kaka yake baba, ndiye mwenye neno la mwisho. Miezi saba kabla ya siku hiyo, kwenye kikao cha ukoo, mwanawe Bahati, ambaye namwita Yaya kwa kuwa ni mkubwa wangu, aliomba pikipiki ile ikatwe, atoe injini aendeshe kinu cha kusagia muhogo. Wazo lake halikuwa baya, maana wanawake wa kwao huenda mbali kutafuta kinu. Lakini mimi niliposikia neno “kukata” damu ilinichemka.

“Haitakatwa,” nilisema. “Itakuja Kamanyola na moto wake, injini inalia, na minye mwenyewe njo nitaiendesha.”

Yaya Bahati alicheka. “Weye fundi wa sherehani?”

Baba Mkubwa hakucheka. “Ikifika na moto wake siku ya kufunga kilio, mbele sahani hazijaoshwa, itakuwa yako. Isipofika, Bahati atakuja kuichukua na nyundo.”

Kwa miezi saba nikawa nafunga cherehani yangu hapa mtaani Rugenge mchana na kushuka mtaa wa Mulongwe, kando ya mto ule, kwenye karakana ya Fundi Ramazani. Huyu ni mzee mwembamba, mkali kidogo, mwenye sharti lake: hafungui nati ya chombo cha mtu kama mwenyewe yupo na ana mikono. Anakaa kwenye kigoda, anaelekeza, nawe unafungua. “Chombo chenye hakikujue kitakuacha mu njia,” husema. Nilitoa tope kwenye silinda kwa kijiko. Nilifungua kabureta na kuifunga mara nyingi kiasi cha kuota matundu yake. Kiti nilikishona mwenyewe, na hapo tu ndipo fundi aliacha kuelekeza akaangalia. Siku injini iliponguruma majirani walitoka nje, nami nililia bila kuona haya.

Jioni kabla ya safari nilikwenda kutafuta petroli ya kujaza tangi. Nilichukua bido, dumu la plastiki la njano, jikoni, nikalisuuza, nikalinusa, nikaona ni safi.

Saa kumi na mbili asubuhi, Mulongwe. Fundi Ramazani alikuwa ananingoja barabarani akiwa amevaa koti la harusi na kukumbatia mfuko wa spana. Alikubali kunisindikiza kwa sababu, alivyosema, hakutaka kusikia habari za kazi yake kwa midomo ya watu. Alipanda nyuma, akashika chuma cha kiti kwa mikono miwili. Ziwa lilikuwa kulia kwetu, limetulia, na wanawake walikuwa wakishuka na mabeseni ya ndagala, dagaa wa ziwani, vichwani. Nilikuwa na hofu hata ya kubadilisha gia. Pikipiki ile ni nzito. Ikianza kuinama huwezi kuibembeleza.

Saa moja na nusu tulikuwa tumepita Kavimvira, na karibu na mashamba ya miwa ya Kiliba tukakuta kamba imekatiza barabara. Hapo walikuwapo wanaume wenye silaha. Siku hizi kwetu mtu hajiulizi sana wenye kamba ni akina nani. Anazima injini na kutoa mikono mahali inapoonekana. Mmoja wao alichukua karatasi za pikipiki, akazisoma polepole.

“Hili jina iko la mwanaume.”

“Iko la baba yangu,” nilisema.

“Na yeye iko wapi?”

“Mu kaburi, Kamanyola. Leo tunafunga kilio chake.”

Alinitazama, akatazama pikipiki, akaizunguka mara mbili. Kama angeitamani, nani angemzuia? Mwishowe alinirudishia karatasi. “Pitieni. Lakini kamba ya Luberizi inafungwa saa sita, na leo haitafunguliwa tena. Musichelewe.”

Kutoka pale hadi Sange sikuzungumza. Nilikuwa nahesabu saa kichwani. Barabara ilikuwa na mashimo yaliyoachwa na mvua, na kila shimo lilinigonga kwenye meno. Hata hivyo tulifika Sange saa tatu, tukanywa chai tukiwa wima. Fundi aligusa silinda kwa kidole chenye mate, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikajiona nimeshafika. Mpanda ngazi hushuka, lakini nani hukumbuka methali akiwa juu?

Nusu saa baada ya Sange injini ilianza kukohoa. Ikashika tena, ikakohoa, moshi mweupe ukatoka nyuma, kisha ikazima kabisa. Tulikuwa mahali patupu, mashamba ya mihogo huku na huku, hakuna nyumba. Mahali kama pale watu hawasimami. Mwanamume aliyepita na baiskeli hakupunguza mwendo. Alitupungia tu mkono tuondoke.

Nilipiga kiki hadi goti likauma. Hofu ikageuka hasira, nami hasira yangu haina adabu.

“Fundi, miezi saba! Miezi saba unakaa pale juu ya kigoda unanionyesha na kidole, na kumbe hata kabureta hujui! Umenizeveza, umenidanganya. Utaona haya mbele ya ukoo wangu.”

Alikung'uta koti lake, akaenda kukaa kwenye ukingo wa shamba, mgongo kwangu. Mfuko wa spana aliuacha karibu na gurudumu.

Nilimwita, akazidi kutazama mihogo. Ikawa wazi kwamba hatanisaidia. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikaanza peke yangu. Nilifungua buji, plagi ya kuwashia moto, ilikuwa nyeusi na inateleza. Nikafungua kabureta ya kwanza, nikamimina petroli iliyokuwa ndani kwenye kiganja. Ikakauka kwa jua, ila haikukauka yote. Kiganjani ulibaki utelezi mwekundu na chembe laini kama makapi. Nikanusa. Nikaonja kwa ncha ya ulimi, nikatema.

Yalikuwa mawese.

Nyumba zote za Uvira zina bido la njano, na bido hilo hilo leo hubeba maji, kesho mafuta ya mawese kutoka Fizi, keshokutwa petroli. Langu lilikuwa limekaa na mawese kuanzia msimu wa mvua. Makapi huganda chini kabisa, kwenye pembe ambazo maji ya kusuuza hayafiki wala jicho halioni. Petroli yangu iliyakwangua yote ikayaingiza kwenye tangi. Kitundu cha kabureta ambacho sindano haipiti vizuri kilikuwa kimezibwa na mchuzi wa nyumbani kwangu.

Niliona haya hadi masikio yakawaka. Nilimtazama fundi, mgongo wake ulikuwa pale pale. Nilipaswa kwenda kumwambia. Badala yake nilijiambia saa inakimbia, nikaendelea na kazi. Nilimwaga petroli yote ya tangi kwenye mtaro. Katika mfuko wa spana fundi alikuwa ameweka chupa mbili kubwa za petroli ya akiba. Kwa kidogo cha petroli hiyo nilisafisha tangi, kabureta zote mbili na mipira ya kupitishia mafuta. Vitundu nilivipuliza kwa mdomo hadi nikaona kizunguzungu. Nilifuta buji kwa upindo wa kitenge changu kipya, nikafunga kila kitu na kutia petroli iliyobaki.

Ilipofika saa tano na nusu nilipiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Ya tatu ilishika, ikakohoa, ikanguruma. Fundi Ramazani aliinuka, akaja, akapanda nyuma.

Tulifika Luberizi wanaume wawili wakiwa tayari wameinua kamba, mmoja anaifunga kwenye mti. Nilipiga honi ya baba, ile inayolia kama ng'ombe. Yule wa pili alicheka, akaishusha kwa mguu, tukapita juu yake. Sikusimama kushukuru. Luvungi nilisimama kununua petroli tu. Muuzaji alitaka kuimimina kutoka kwenye bido, nikamwambia anipe ya chupa. Hakuelewa kwa nini nilikuwa mkali.

Saa nane kasoro, Kamanyola. Nilisikia vyombo vikigongana kabla sijaona nyumba. Uani wanawake walikuwa wameinama kwenye mabeseni, na sahani safi zimepangwa juu ya mkeka. Nikadhani nimechelewa. Nikaingia na moto ule ule hadi katikati ya uwanja, watu wakarudi nyuma, nikazima.

Shangazi yangu mdogo alikuwa ameketi mlangoni na sahani moja magotini. Ilikuwa chafu, ina mabaki ya ugali. “Bado nakula,” alimwambia Baba Mkubwa. Mtu yeyote angeona kwamba ugali ule ulikuwa umekauka zamani.

Baba Mkubwa alikohoa. “Sahani moja bado. Tusikie. Mutoto wa mudogo wangu, kwa nini umechelewa?”

Kabla sijafungua mdomo Yaya Bahati alisema, “Si unaona fundi aliyemuchukua? Hawa wazee wa Mulongwe wanafunga na waya na kuomba Mungu.” Watu walicheka. Fundi Ramazani alisimama na koti lake la harusi lililojaa vumbi, akatazama chini. Angeweza kunimaliza kwa maneno mawili.

Nilijua nikisema kweli Bahati atapata alichokitaka: tazameni, mwanamke hajui chombo, ametia mchuzi kwenye injini. Na nikinyamaza, pikipiki itakuwa yangu na mzee huyu atarudi Mulongwe bila jina. Sitajisifu. Nilipima kwanza, na kupima huko ninakukumbuka vibaya hadi leo.

“Fundi hana kosa,” nilisema mwishowe. “Minye njo nilileta petroli mu bido ya mawese. Ilizima mu barabara. Nilimutukana mbele ya kuona kama kosa iko yangu.”

Sasa walinicheka mimi. Bahati alipiga makofi. Baba Mkubwa alinyanyua mkono, wakanyamaza.

“Fundi, ni kweli?”

“Ni kweli, Mzee.”

“Basi weye njo uliitengeneza hadi ikafika.”

“Hapana,” alisema Ramazani. “Alinitukana, nikakasirika. Nilikaa mu mihogo, nikamupa mugongo. Sikugusa hata nati moja. Alifungua yeye, akasafisha yeye, akafunga yeye. Minye nilikaa tu.”

Baba Mkubwa alikuja polepole akaweka kiganja juu ya tangi. Lilikuwa bado la moto, lakini hakuondoa mkono. “Mudogo wangu naye alikuwa anafungua mwenyewe,” alisema. Kisha akamgeukia mwanawe. “Bahati, tafuta injini ingine. Hii inarudi Uvira.” Akamtazama shangazi. “Na weye, maliza kula.”

Shangazi alitumbukiza sahani kwenye beseni, na jambo likaisha.

Kesho yake asubuhi tulianza kurudi. Yaya Bahati alitusukuma hadi barabarani, amenuna kidogo, lakini alitusukuma. Kamba ya Luberizi ilikuwa wazi. Bonde lote lilikuwa limenyeshewa na pikipiki ilikimbia vizuri, nami nilipaswa kufurahi. Sikufurahi. Nyuma yangu kulikuwa na mtu ambaye tangu jana hakuwa amenisemesha.

Sange nilisimama, nikazima injini, nikashuka. Hapakuwa na ukoo wala mkutano, tulikuwa sisi wawili kando ya barabara. Sijui kwa nini ilikuwa vigumu kuliko jana. Jana nilisimama mbele ya watu arobaini na mdomo ukafunguka. Leo mbele ya mzee mmoja ulimi ulikuwa mzito.

“Fundi, nilikutukana. Unisamehe.”

Alivua miwani yake, akaifuta.

“Jana uliwaambia wao,” alisema. “Nilisikia vizuri, nilishukuru. Lakini hawakutukanwa wao.”

“Najua.”

“Sasa umeniambia minye.” Akavaa miwani, akatazama barabara ya kwenda Uvira, kisha akanisogelea na kunyoosha mkono. “Leta ufunguo, Mama. Miezi saba natengeneza kintu na sijaonja hata kukiendesha. Kaa nyuma.”

Nikampa, nikakaa nyuma.