Mbizi Moja Tu

Siku mdogo wangu anajifungua huko Garland, Texas, mimi nilikuwa mita kumi na nane chini ya bahari ya Karibi, namshangaa kasa.

Nitukaneni tu kwenye komenti. Mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha.

Ilikuwa 2002. Mimi nesi, naishi Sugar Land, pembeni ya Houston. Glory, mdogo wangu wa tumbo moja, alikuwa Garland na mimba ya miezi minane. Ya kwanza ilitoka. Mumewe Vicent alikuwa amekwenda Moshi kumzika baba yake.

Nilimwahidi: "Mama hatunaye, kwa hiyo mama yako ni mimi. Leba naingia na wewe, uji wa mzazi napika mimi."

Ila nilikuwa nimenogewa na kupiga mbizi. Nilijifunzia kwenye bwawa la kuogelea Houston mpaka nikapata cheti. Nikasema bado wiki nne, ngoja nikale bata kisiwani Bonaire siku tano. Glory nikamdanganya kwamba zamu zimenibana.

Siku ya nne asubuhi nikampigia kwa kadi ya simu.

"Dada, chupa imepasuka! Njoo, usiniache peke yangu. Si masaa manne tu kwa gari?"

"Nakuja, mdogo wangu."

Ndege ilikuwepo saa nane mchana. Lakini boti ilikuwa inaondoka saa tatu, na mitungi ya hewa imeshapakiwa. Nikajiambia, mbizi moja tu, nitawahi.

Nilijua fika. Ukishazamia hupandi ndege mpaka kesho yake, damu inaweza kujaa mapovu ikakuua. Swali hilo nililipata kwenye mtihani! Nikajifanya nimesahau.

Nilipoibuka ndipo akili ikanirudia. Nikamshika mkono mwenye duka linalokodisha vifaa vya kuzamia, nalia.

"Nikipanda leo?"

"Unataka kufa? Kesho."

Nilifika Garland siku ya pili. Mlango akafungua Mama Anastasie, jirani yao Mkongomani (Anastasie ni jina lake mwenyewe), mwiko wa uji mkononi. Alikuwa ameacha kazi yake kiwandani siku mbili.

"Ulikawia, mama. Mutoto ashazaliwa. Ni mimi nilimushika Glory mukono."

Glory alikuwa kitandani, mtoto kifuani, wote wazima. Nikaanza kumwaga uongo: zamu, foleni, gari kuniharibikia njiani, Corsicana. Nikaapa mpaka kaburi la mama.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akabonyeza mashine ya kurekodi simu.

Sauti ya mzungu ikasema: "Tunapiga kutoka duka la kuzamia, Bonaire. Dada yako ameondoka hapa analia, anataka kupanda ndege leo. Tafadhali mzuie. Namba yako tumeitoa kwenye fomu yake."

Fomu yao inauliza: ukipata shida tumpigie nani? Nilikuwa nimemwandika Glory.

"Na mimi hospitali waliniuliza hivyo hivyo," akasema, hanitazami. "Nikakuandika wewe. Walipiga mara sita."

Aibu ilinishika.

Akanisogezea bakuli lake. "Kunywa uji, dada. Umetoka mbali."

Nikalishika bakuli mpaka uji ukapoa.

Tulikuwa tumepanga mtoto akiwa wa kike aitwe Prudensia, jina langu. Anaitwa Anastasie.

Wewe unayesoma hapa, jiulize nani amekuandika kwenye fomu yake. Halafu uwe unapokea simu.