Kiti Nilichokivuta Nyuma

Nianze na hili ili usije ukanihurumia bure: kosa ni langu. Si la gari, si la fundi, si la shetani. Langu! Jina langu halina maana, wewe nisikilize tu, maana kuna mtu nimemuumiza, na kila nikikaa naye mezani roho inanisuta.

Kazi yangu iko Geita. Natengeneza mota za makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mota ikileta shida naitwa mimi, na huko machimboni wananiita Mzee wa Umeme. Sifa hizo zilinilevya. Familia yangu iko Shinyanga mjini: mke wangu Mama Milembe, binti yetu, na mama yangu mzazi ambaye macho yameingia ukungu, haoni vizuri tena.

Tuna gari moja kuukuu, usajili wa namba A, mkweche wa heshima. Mimi naliendesha nikirudi mwisho wa wiki. Siku nyingine zote analiendesha mke wangu.

Mwaka jana alianza kulalamika. "Baba Milembe, gari linazima. Linakwenda vizuri, ghafla kimya. Nikipiga starta linazunguka tu, haliwaki."

Nikirudi, naingia kwenye gari. Kitu cha kwanza navuta kiti nyuma, maana mke wangu ni mfupi na mimi miguu yangu ni ya twiga. Nalalamikia magoti kidogo. Nawasha. Linawaka! Nalipeleka hadi Tinde na kurudi, haligugumii hata mara moja.

"Gari zima hili," namwambia. "Anayeumwa ni dereva."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Likazima tena, na tena. Nikabadilisha betri, nikaweka plagi mpya. Nikampelekea fundi mmoja, naye akavuta kiti nyuma (sasa ndiyo nakumbuka, jamani!), akalizungusha mtaani, akasema haoni cha kutengeneza. Badala ya kujiuliza kwa nini linamzimia yeye na halinizimii mimi, nikajipa jibu rahisi: mwanamke hajui gari.

Na sikuishia hapo. Nikaigeuza hadithi! Kule Geita, tukisubiri mawe yasagike, naiga sauti yake: "Baba Milembe, limezimaaa!" Watu wanashika mbavu. Ikafika mahali akipiga simu naweka spika wote wasikie. Mke wangu wa ndoa ya kanisani!

Jumatano moja asubuhi alikuwa anampeleka mama kliniki ya macho. Simu ikaita. Nikawakonyeza wenzangu, nikaweka spika.

"Baba Milembe, limezima. Niko relini."

"Hata salamu hakuna?" Wenzangu wakaanza kucheka.

"Sikutanii. Niko juu ya reli yenyewe. Limeruka chuma cha kwanza likazima."

"Toa gia. Washa taratibu, kama nilivyokufundisha."

Nikasikia starta. Inazunguka, inazunguka, haishiki. Hapo mimi, Mzee wa Umeme, ndiyo nikaisikia sauti ile kwa mara ya kwanza, na ilikuwa vilevile alivyoniambia tangu mwanzo. Lakini mdomo ulikuwa umeshazoea.

"Unakanyaga mafuta hovyo," nikamwambia.

"Basi njoo ukae wewe!" Alipaza sauti, na hajawahi kunipazia sauti tangu nimuoe. Nikamsikia mama yangu kiti cha nyuma anauliza kwa Kisukuma kuna nini. Halafu, kwa mbali, nikasikia honi. Ndefu.

Haikuwa ya lori. Pale tulipokuwa kila mtu aliitambua, na kicheko kikakatika.

"Toka!" nikapiga kelele. "Mama Milembe, toka!"

"Mama hauoni mlango," akasema. Simu ikakatika.

Nikapiga. Haipokelewi. Nikapiga tena, naminya namba za watu wengine. Mtu mmoja akazima karasha. Ee Mungu wangu! Nilitaka kusali, lakini kilichokuwa kikipiga kelele kichwani ni sauti yangu mwenyewe nikimwigiza. Sijui zilipita dakika ngapi. Kwangu ulikuwa mwaka.

Mwishowe akapokea mwanaume nisiyemjua. "Wazima," akasema. "Wote wawili. Ila huyu dada ameumia mguu."

Yaliyotokea alinisimulia mama. Macho hayaoni, lakini alisikia yote. Anasema mkamwana wake alimkumbatia kiunoni, akamshusha, akamburuta hadi kwenye majani na kumwambia, "Kaa hapa mayu, mama yangu, usiinuke." Kisha akarudi kwenye gari! Watu wa mashine ya kukoboa mpunga iliyo jirani na reli walikuwa wamefika kusukuma, naye akashika usukani kupitia mlango ulio wazi huku anasukuma nao. Gari likatoka. Gurudumu la nyuma likampanda mguu. Treni ikapita.

Nilimkuta kitandani, mguu umefungwa bandeji hadi juu ya kifundo. Nikamuuliza alirudi kufuata nini kwenye kile chuma chakavu.

"Ningeliacha," akasema, "ungewaambia watu nimekuulia gari."

Hilo neno silisahau hadi naingia kaburini.

Wiki iliyofuata nikalivuta gari hadi kwa fundi umeme mwingine. Hapo gereji likawaka vizuri kabisa, kama kawaida yake. Fundi akauliza, "Linamzimia nani?" Nikasema mke wangu. Akafuta mikono. "Basi mimi na wewe hatuna la kuzungumza. Mlete yeye."

Alikuja kwa magongo. Fundi akamwambia, "Shikamoo mama. Kaa kama unavyokaa siku zote." Miezi yote ile hakuna aliyewahi kumwambia hivyo! Mke wangu akaingia, akavuta kiti mbele, akawasha. Fundi akakitikisa kiti kidogo. Gari likazima.

Kiti nyuma, likawaka. Kiti mbele, akatikisa, likazima. Akarudia mara tatu.

Akainua zulia. Chini ya reli ya kiti palikuwa na waya wa pampu ya mafuta, umeungwa kwa kusokotwa na vidole na kuzungushiwa tepu ya kijani. Kiti kikija mbele chuma kinaukanyaga, na gari likirushwa kidogo tu ule muungo unaachia.

"Nani aliunga huu ujinga?" fundi akauliza.

Ile tepu ya kijani ninayo hadi leo kwenye begi langu la kazi. Miaka miwili nyuma niliweka amplifaya ya muziki chini ya kiti, nikaibia umeme kwenye waya huo. Nilipoitoa nikaunganisha harakaharaka, nikafunika zulia, nikasahau. Mimi! Mzee wa Umeme!

Mke wangu alikuwa bado amekaa kwenye kiti.

Nimeomba msamaha. Nilikwenda Didia kwa wazazi wake nikapiga magoti, na Geita niliwaambia wenzangu ukweli wote. Amesema amenisamehe, nami najua hasemi uongo. Anachechemea bado, ila anatembea.

Lakini sasa kila anachoniambia ananiletea na ushahidi. Mchele umeisha, ananionyesha debe tupu. Milembe ana homa, ananipa kipimajoto nisome mwenyewe. Nikiwa Geita umeme ukiisha nyumbani, ananitumia picha ya mita. Hanuni wala hanisemi. Amejifunza tu kwamba kwangu neno lake peke yake halitoshi, na mwalimu wake ni mimi.

Juzi alisema jino linamuuma. Kabla sijajibu, akasogea dirishani kwenye mwanga, akafungua mdomo nione.

"Nakuamini, mke wangu," nikamwambia.

"Angalia kwanza," akasema.

Nikaangalia. Mungu anisamehe, niliangalia, kwa sababu alikuwa bado amefungua mdomo ananisubiri.

Ndugu yangu unayesoma, mkeo akikwambia gari linazima, usimcheke. Ingia ukae palepale alipokaa yeye, magoti yakuume, na hicho kiti usikivute nyuma.